Saa za Kungoja: Kisa cha Mwanafunzi Mcheza Ngoma Malindi

Kisa hiki kilinifikia kikiwa kimeshaamuliwa. Mkuu wa idara ya biashara aliniletea faili la mwanafunzi wa mwaka wa pili, stashahada ya uhasibu, na ndani yake mlikuwa na barua mbili zilizokwisha kuchapwa. Ya kwanza ilikuwa ahadi ya mwanafunzi kwamba ameacha kucheza ngoma hotelini mpaka amalize chuo. Ya pili ilikuwa ombi la kuahirisha masomo mwaka mzima. Achague moja, atie sahihi. Babake alikuwa ameshaafiki ile ya kwanza kwa simu. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa amesema hatii sahihi yoyote, na wakimshikilia sana atafungasha virago vyake arudi kwao.

Kazi yangu hapo chuoni ni ulezi wa wanafunzi, kwa hivyo niliomba barua zote mbili zisubiri kidogo. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake na ya wazazi wake. Jina lake silitaji, nitamwita Binti, na chuo, hoteli na kikundi cha ngoma pia nimeviacha bila majina. Naandika kwa sababu hapa Malindi kila muhula kuna kijana mwenye kipaji cha ngoma anayewekewa swali hilohilo, ngoma au masomo, na mimi naliona ni swali baya. Linamtaka mtoto akate kiungo kabla hajapimwa.

Alikoitoa ngoma

Binti ni Mgiriama wa upande wa Magarini. Babake ni kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, mamake anauza mahamri na viazi karai. Ngoma aliitoa kwa hawe, nyanya yake mzaa baba, ambaye tangu usichana wake ni mwimbishaji anayeitwa kila penye shughuli. Binti alikuwa akimfuata nyuma, kwanza kubeba mkoba, baadaye kuitikia, mwisho kucheza. Shule ya msingi walimu wakamwona, wakamtia kwenye kikundi cha tamasha. Sekondari akawa ndiye anayepanga mistari ya wenzake.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa mtoto wa kijijini ndilo jukwaa kubwa analolijua: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Mtoto wa Gongoni anapanda basi kwenda mji ambao hajawahi kuuona kwa sababu tu anajua kucheza gonda, ngoma ya Wagiriama. Walimu hukesha wakifundisha, wazazi hushona hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, mafundi hutengeneza kayamba mpya. Halafu kidato cha nne kinaisha na yote hayo yanakatika siku moja. Vyuo pia vina madaraja yao katika tamasha hilo, lakini chuo chetu hakikuwa na kikundi cha ngoma. Nani basi Malindi anamtaka mcheza ngoma wa miaka kumi na tisa? Hoteli za ufuoni. Binti alipofika mwaka wa kwanza, msichana waliyesoma naye alimpeleka kwa kiongozi wa kikundi kimoja, na wiki hiyohiyo akawa amevaa.

Nilitaka kumwona akicheza kabla sijasema neno juu ya ngoma yake. Alinionyesha uwanjani nyuma ya madarasa, bila ngoma wala kayamba, wenzake wawili wakimpigia makofi. Kichwa kimetulia kama amejitwisha mtungi uliojaa, mabega hayana haraka, kazi yote iko kiunoni na miguuni. Mguu wa kulia hutua kisigino kwanza, njuga zikalia mara moja. Kisha kuna kimya kifupi ambacho asiyejua atadhani amepotea, na hapo ndipo mguu wa kushoto unapojibu. Hando ile yenye marinda mengi haisogei pamoja na kiuno. Hufuata nyuma kidogo, na mchezaji hodari huucheza huo mchelewo wenyewe, akakuacha unangoja nguo ifike ilikokwisha kufika mwili. Alikuwa amejifunga leso mbili tu siku ile, wala hakuwa na njuga, na bado niliona na kusikia yote hayo. Mtu wa namna hii humwambii aache ngoma kwa barua.

Daftari la mahudhurio

Faili lilisema mahudhurio yake ni asilimia 73, na sheria ya chuo ni kwamba aliye chini ya 75 hakai mtihani. Nikaomba madaftari ya somo moja moja. Hapo picha ikabadilika kabisa. Katika masomo manne alikuwa kati ya asilimia 78 na 84. Somo la tano, uhasibu wa gharama, alikuwa na 41. Ndilo lililouvuta wastani wote chini.

Uhasibu wa gharama hufundishwa Jumanne na Alhamisi saa mbili asubuhi. Kikundi chake kilicheza hotelini Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Jumanne na Alhamisi hizohizo, kuanzia saa nne, alikuwa darasani na sahihi yake ipo. Kwa hiyo hatukuwa na mwanafunzi aliyeacha masomo kwa ajili ya ngoma. Tulikuwa na mwanafunzi anayekosa somo moja, asubuhi mbili za wiki, kwa sababu usiku uliotangulia aliingia kitandani saa saba.

Simlaumu mkuu wa idara. Ana mamia ya wanafunzi, mfumo unamtolea wastani, na kila kijana aliyewahi kumwona akiacha chuo kwa ajili ya hoteli alianza hivi. Ila wastani ulimficha kitu ambacho kila mwalimu wa darasa angeweza kukisema kama angeulizwa. Mwalimu wa uhasibu wa gharama alidhani Binti hapendi somo lake. Walimu wenzake wanne walikuwa hawajui hata kama kuna tatizo.

Hesabu ya usiku mmoja

Nilimwomba Binti afanye kile anachosomea. Achukue usiku mmoja wa hoteli auandike kama kazi yoyote inayogharimu muda na pesa, saa kwa saa, shilingi kwa shilingi. Alirudi na ukurasa wa daftari la mistari, umepigwa rula katikati, muda upande mmoja na pesa upande wa pili.

Saa kumi na moja jioni wanatakiwa wawe geti la nyuma, wanakaguliwa mikoba. Wanavalia kwenye chumba kilicho kando ya dobi. Saa kumi na mbili wameshavaa, hando kiunoni, njuga miguuni, na hawawezi tena kulala wala kusoma kwa sababu chumba kina taa moja na watu kumi na wawili. Wageni hula kuanzia saa moja na nusu. Saa tatu kikundi kinaitwa. Wanacheza dakika arobaini. Baada ya hapo kuna kupiga picha na wageni, kisha kumngoja kiongozi alipwe ofisini, kisha kulingoja gari lijae. Saa sita usiku gari linamshusha barabara kuu, anachukua tuktuk hadi chumba chake cha kupanga mtaa wa Kisumu Ndogo.

Jumla ni saa saba nje ya nyumba, dakika arobaini za ngoma. Kwa wiki ya usiku nne ni saa 28, na ngoma ndani yake ni saa 2 na dakika 40. Zinazobaki, saa 25 na dakika 20, ni njia, mavazi na kungoja.

Upande wa pesa: shilingi 500 kwa usiku. Tuktuk ya usiku 150. Chakula 100, kwa kuwa chakula cha wafanyakazi wa hoteli si chao, wao ni watu wa kikundi. Kinachobaki ni 250, yaani chini ya shilingi 36 kwa saa. Na malipo ya Agosti nzima, mwezi wa msimu hoteli zikiwa zimejaa, yalikuwa hayajatoka. Usiku 16, shilingi 8,000.

Alipomaliza kunisomea aliutazama ule ukurasa, akasema, "Mwalimu, kumbe mimi sichezi. Mimi nangoja."

Kuanzia hapo mazungumzo yetu yalikuwa mengine. Nilimuuliza katika mwaka ule mmoja amejifunza ngoma gani mpya. Hakuna. Kikundi kina vipande vitatu vilivyokatwakatwa, kila kimoja dakika chache, maneno ya nyimbo yamepunguzwa kwa sababu wageni hawayasikii, na mpangilio haujabadilika tangu alipoingia. Kwa hawe wimbo mmoja wa gonda ulikuwa na mwanzo, majibizano, mahali pa kumtania mtu kwa jina, na mahali ambapo mwimbishaji anaweza kuwashikilia wachezaji mpaka jasho liwatoke. Hotelini kila kitu kinajulikana kitaisha lini.

Halafu kuna sakafu. Kijijini ngoma huchezwa kwenye mchanga au udongo. Pale wanacheza pekupeku kwenye vigae kando ya bwawa la kuogelea, mara nyingi vikiwa vimelowa. Gonda ina kukanyaga kwingi, na kigae hakipokei kishindo, kinakirudisha mguuni. Alikuwa na maumivu ya muundi kwa miezi, yale yanayoanza kama uchovu, yakawa yanauma hata kupanda ngazi, na dawa yake alikuwa ananunua vidonge vya maumivu duka la dawa kabla ya onyesho. Hilo lilinitia hofu kuliko mahudhurio. Mfupa wa muundi unaopigwa hivyo bila kupumzishwa huweza kupata ufa, na ufa huo ukimpata mchezaji humweka nje kwa wiki nyingi. Nilimpeleka hospitali kabla ya kikao chochote. Mfupa ulikuwa mzima. Aliambiwa apumzike na akirudi arudi kidogo kidogo, si kwenye sakafu ngumu.

Kuhusu mkataba, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi unaofikia miezi mitatu uwe wa maandishi. Kiongozi husema hawa ni wasanii, si waajiriwa. Hoteli husema sisi tunamjua kiongozi tu. Katikati ya kauli hizo mbili amesimama msichana mwenye njuga miguuni. Na msimu unalifanya jambo kuwa gumu zaidi. Malindi inaishi kwa Julai hadi Septemba na Desemba hadi Machi. Mvua za masika zikianza hoteli nyingi hupunguza kazi au hufunga. Kijana anayedai haki yake mwezi wa Agosti anajua kwamba Aprili hatakuwa na wa kumdai.

Kwa nini babake alikuwa mkali

Chuoni kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya mzee huyu. Wengine walisema ni dini, kwa vile mamake Binti ni muumini wa kanisa lisilotaka kusikia habari za ngoma za kienyeji. Wengine walisema ni karo, anaogopa pesa yake kupotea. Nilikwenda Gongoni kumsikiliza mwenyewe. Alikuwa ametoka kazini, miguu myeupe kwa chumvi, akanikaribisha ukumbini, na kwa muda mrefu hakutaka kulitaja suala la alama hata kidogo.

Kilichomuudhi kilikuwa kifudu.

Kifudu kwa Wagiriama ni ngoma ya matanga, ngoma ya wanawake, yenye heshima na miiko yake. Ndiyo aliyoichukua Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, mwaka 1913 alipopita vijijini kuwahimiza watu wakatae kodi na kibarua cha Waingereza: watu walivutwa na ngoma, wakabaki kumsikiliza. Serikali ya kikoloni ilimkamata, ikampeleka mbali, nchi ya Wakisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Leo sanamu yake iko Malindi mjini na kila Agosti hufanywa sherehe za kumkumbuka. Wageni wanasikia habari zake, wanauliza, na kiongozi wa kikundi akaona hapo pana biashara. Aliwataka wasichana waingize "ngoma ya Mekatilili" kwenye onyesho la chakula cha jioni, na kwa kuwa Binti alikuwa na nyanya anayeijua, alitumwa yeye kwenda kujifunza.

Binti alikwenda kwa hawe kwa nia safi. Alitaka kujifunza, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima kupewa sababu ya kujifunza kitu. Hawe alimsikiliza, akamuuliza amekufa nani. Hakuna aliyekufa. Basi hawe akasema hafundishi, na mwanawe alipofika jioni akamweleza kwamba mjukuu anataka kwenda kulia matanga ya watu wanaokula.

Mzee aliposimulia hapo sauti yake ilibadilika. Hakuwa mtu anayechukia ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mpigaji chapuo katika ujana wake, na alinitajia kwa furaha wapigaji wenzake. Alikuwa mtu aliyeona kitu cha mamake kikipelekwa sokoni na mtoto wake mwenyewe. Aliposikia chuo nacho kina malalamiko, akashika hilohilo: aache yote. Sababu ya idara na sababu ya baba hazikuwa na uhusiano wowote, ila zilikutana kwenye barua moja, na Binti akaona dunia nzima imempinga kwa kuwa anapenda ngoma.

Naomba msomaji akae kidogo na hili. Mila na desturi za Kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda ambao Wagiriama ni miongoni mwao, ziliwekwa na UNESCO mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, na msingi wake mmoja ni kwamba jamii yenye kitu hicho iombwe idhini kabla ya mtu kukifanyia biashara nje ya mahali pake. Hawe hajasoma sheria hiyo. Alitekeleza kiini chake kwa swali moja. Na mtu aliyebaki na uwezo wa kurithishwa kile hawe anachokijua ni huyuhuyu msichana ambaye sote tulikuwa tunataka atie sahihi kwamba ameacha ngoma. Kama angetia, hoteli ingepata mwingine kesho yake. Hawe asingepata mwingine.

Kikao na kilichoamuliwa

Tulikaa chuoni: mkuu wa idara, mwalimu wa uhasibu wa gharama, baba, Binti na mimi. Mama hakuja. Niliweka mezani vitu viwili, daftari la mahudhurio na ukurasa wa Binti, nikamwacha aueleze mwenyewe. Baba aliuliza mara mbili kama kweli ni shilingi 250. Alikuwa akidhani mwanawe anapata pesa nyingi na ndiyo maana haambiliki. Mkuu wa idara alinyamaza kwa muda kisha akazichana zile barua, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo namshukuru kwalo mpaka leo.

Makubaliano yalikuwa haya. Binti ataacha usiku wa Jumatatu na Jumatano, ambao ndio unaogusa masomo. Ijumaa na Jumamosi atakwenda ikiwa kiongozi atakubali wafike saa mbili badala ya saa kumi na moja, gari lifikishe wasichana mlangoni, na kifudu isiguswe. Mwalimu wa uhasibu wa gharama atamfidia mada alizokosa saa za chakula cha mchana. Chuo kitaanzisha kikundi, Alhamisi alasiri, wakati wa michezo, na Binti atafundisha. Hawe ataombwa, kwa adabu na kwa kupitia kwa babake Binti, amfundishe mjukuu zile ngoma anazoona yeye zinafaa kufundishwa.

Kiongozi wa kikundi hakukubali chochote. Alimwambia Binti kwamba wasichana wa kucheza ni wengi, na Ijumaa hiyo nafasi yake ikachukuliwa. Binti alikuwa amejiandaa kupunguziwa, hakuwa amejiandaa kufukuzwa. Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Alihudhuria masomo yote, saa mbili yuko kiti cha mbele, na kwenye madaftari yetu alionekana amepona. Lakini hakuwa anakula vizuri, hakuwa anacheza hata kidogo, na chumba cha Kisumu Ndogo kilikuwa kinadai kodi. Ile elfu moja ya wiki, ndogo kama ilivyo, ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini. Watu wazima hupenda kusema "acha tu" bila kuuliza nani atalipa kodi ya mwezi ujao. Alihamia kwa mwanafunzi mwenzake wakawa wanagawana. Tuliomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu, ambao huwafikia pia wanafunzi wa vyuo vya kati, na basari ya wadi. Basari ilitoka mapema, mkopo ulichukua muda wake.

Kilichomwinua ni ile Alhamisi. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi wachache, wengi wao wavulana waliotaka kujifunza mitindo ya amapiano waliyoiona kwenye simu. Hakuwafukuza. Aliwachezesha walichotaka nusu saa, kisha akawaambia wavue viatu. Alikataa ukumbi wa saruji, akawapeleka kwenye mchanga nyuma ya madarasa, na akaanza kuwafundisha kukanyaga, mguu mmoja tu, alasiri nzima. Msichana mmoja wa kozi ya umeme, Mluo wa Kisumu halisi, ndiye aliyeushika haraka kuliko wenzake wa Kigiriama. Muhula uliofuata walikuwa wamefika ishirini na kitu, wana kayamba mbili na chapuo ya kuazima, ambayo mzee wa Gongoni aliileta mwenyewe juu ya bodaboda akakaa kuonyesha inavyopigwa. Waliingia tamasha, wakavuka kaunti, wakasimama kanda.

Jumamosi Binti hupanda matatu kwenda kwa hawe. Anaandika maneno ya nyimbo kwenye daftari, na baadhi anazirekodi sauti kwa simu. Hawe ameweka mipaka yake: nyimbo za gonda na mwanzele zirekodiwe, za kifudu zisiingie kwenye simu ya mtu. Palipotokea msiba katika ukoo, Binti alisimama nyuma ya kina mama na kuitikia. Hakuniambia mengi juu ya siku hiyo na mimi sikuuliza.

Mtihani wa Julai alipita masomo yote. Uhasibu wa gharama alipata daraja la kawaida, na mwalimu wake anaamini angepata zaidi kama angeanza muhula na wenzake. Nami naamini hivyo.

Yaliyobaki

Pesa ya Agosti imetoka nusu. Binti aliandika barua ya madai, akaambatanisha orodha ya usiku wote 16, tarehe kwa tarehe, na kiongozi akamtumia 4,000 kwa simu bila neno. Wenzake wanadai vilevile ila hawataki kuandika, wanaogopa kukosa msimu. Sikubaliani nao, na siwezi kuwalaumu. Ninachotaka hoteli za mji huu zielewe ni kwamba saa za kungoja zina mwenyewe. Kuwaita wachezaji saa mbili badala ya saa kumi na moja hakugharimu hoteli hata shilingi moja, na kungempa mwanafunzi saa tatu za kusoma.

Mamake bado hajakubali. Anampikia, anamwombea, na Binti akianza kuzungumza habari za ngoma anatoka nje. Sidhani kikao changu chochote kitalimaliza hilo, na Binti ameamua kutolisukuma.

Sasa swali liko mbele. Akimaliza stashahada anataka kusomea ngoma yenyewe. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki na dansi, lakini alama zake za kidato cha nne zinamweka mbali na mlango huo kwa sasa. Bomas of Kenya, Nairobi, imejulikana kwa miaka mingi kwa wachezaji wake wa ngoma za jamii mbalimbali, na huko angeweza kujaribu bahati. Mimi namwelekeza Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa na utamaduni, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako ngoma hufundishwa kama fani kamili pamoja na muziki na maigizo. Ni Pwani hiihii, lugha hiihii, na uhasibu wake hautapotea: vikundi vya ngoma ninavyovijua vinakufa kwa kukosa mtu wa kushika vitabu kuliko kwa kukosa wachezaji.

Babake ametoa sharti moja, cheti cha uhasibu kwanza. Binti amelikubali bila ubishi. Wiki iliyopita mzee alinipigia simu kuniuliza basi la kutoka Mombasa kwenda Bagamoyo hupita wapi, na kama msichana anaweza kusafiri peke yake. Nilimwambia huvukia mpakani Lungalunga, hupita Tanga, na kwamba mara ya kwanza ingefaa aende naye mwenyewe. Akauliza karo. Hiyo ndiyo tunayoitafutia jibu sasa.